Mfuko uanikwe, mchangiaji asitiriwe: namna ya kushika michango ya kikundi cha mtaa bila kuwaponza watu

Nianze na bi mkubwa mmoja anayeuza supu ya pweza huku Ngamiani, Tanga, maana yeye ndo sababu ya mimi kukaa chini na kuandika haya yote. Kikundi chetu kilikuwa kinafuatilia mtaro, masika ikikolea maji yanaingia mpaka vyumbani, tukaandika barua kwa diwani, tukakusanya sahihi za wakazi, tukataka tukodi spika na viti tufanye mkutano. Ikabidi tuchange na mimi ndo mweka hazina. Nikafanya kama tunavyofanya wote kwenye michango ya harusi, nikafungua orodha kwenye grupu la WhatsApp, jina, namba ya simu, kiasi, na alama ya vema kwa aliyelipa. Bi mkubwa akatoa elfu tano. Siku ya tatu mtu akapiga skrinishoti orodha ikatoka nje ya grupu, siku ya tano kuna mtu mwenye sauti kwenye ofisi moja akaja akasimama mbele ya meza yake ya supu, wateja wamekaa na mabakuli mkononi, akamwambia kumbe na wewe mama uko na wale wasumbufu, alafu hapa unauza kwa kibali cha nani. Wiki ile ile akahamisha meza.

Nilipoenda kumuomba radhi hakunifokea. Aliendelea kukata pweza vipande vidogo vidogo, akaniambia "mwanangu, mimi nilitoa hela, jina sikutoa."

Sasa hapo ndo nilipojua kwamba nilikuwa nachanganya vitu viwili. Hela ya kikundi ni ya wote, kila shilingi ilioingia na ilivyotoka watu wana haki ya kujua. Lakini jina la mtu ni lake. Sisi tumezoea kwenye harusi na misiba daftari linapita mkononi kwa mkono, fulani katoa elfu kumi, fulani kaahidi hajatoa, na hamna anayedhurika zaidi ya kuona aibu kidogo, kwa sababu kumchangia jirani hakuna adui. Kudai mtaro kuna adui. Kupinga kiwanja cha wazi kuuzwa kuna adui. Na kwa ndugu zetu wa fukwe ndo zaidi, ukanda huu wa Tanga umeumizwa na uvuvi wa baruti miaka na miaka, mtu anayechangia elfu mbili kikundi cha kupinga baruti saa ingine analala nyumba ya tatu kutoka kwa anayerusha baruti, na wote wanaegesha ngalawa pwani moja. Huyo ukimuandika ubaoni umemuuza.

Kwa hiyo hapa nitaeleza tunavyofanya sisi sasa hivi, hatua kwa hatua, pamoja na pale tulipokosea.

KWANZA JUENI NYIE NI NANI

Kabla ya kupokea hata mia tano, kaeni kamati mjiulize hela hii inaenda kufanya nini na sisi ni kitu gani mbele ya sheria, maana majibu ya mambo mengine yote yanatoka hapo.

Kama mmesajiliwa kama NGO kwa ile sheria ya 2002, mna wajibu wa kupeleka ripoti ya mwaka ya kazi na ya fedha kwa Msajili, na kanuni za 2018 zinataka mkipata mfadhili wa zaidi ya shilingi milioni 20 mkataba wake upelekwe serikalini ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Hapo hamna cha kusema mfadhili kaomba siri. Kama mmesajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya mnafuata Msajili wa Jumuiya kule Mambo ya Ndani. Kama nyie ni wakazi tu mnaochanga kwa barua na spika, angalau muwe na katiba hata ya kurasa mbili na muhtasari wa kikao kilichowachagua, na mpeleke barua serikali ya mtaa wajue mpo. Ukijitambulisha mapema mtu hapati nafasi ya kusema mnafanya mambo kichinichini.

Ila kuna mstari mmoja msiuvuke bila kujua. Hela ikishaanza kumsaidia mgombea, hata kama ni mafuta ya gari la matangazo tu, mmeingia kwenye Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, na huko mgombea na chama wanatakiwa waeleze walichopata na walichotumia. Hesabu za vyama zinakaguliwa na CAG, yule Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mchangiaji anayetaka asijulikane kabisa hana nafasi huko na ni sawa asiwe nayo, kwa sababu huyo mgombea kesho atashika kalamu ya kusaini tenda. Sisi tuliandika kwenye katiba yetu sentensi moja kwamba mfuko wa mtaro hautoi hela, chombo wala chakula kwa mgombea yeyote wa chama chochote, na sentensi hiyo imetuokoa mara nyingi, mtu akija na maneno matamu tunamsomea.

Alafu kuna sheria ambayo vikundi vingi havijui kama inawahusu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Nilipoisoma nilishtuka. Sheria ile ina fungu la taarifa nyeti, na kwenye fungu hilo kuna miamala ya fedha ya mtu na kuna mtazamo wake wa kisiasa. Sasa orodha ya waliochangia kikundi cha kudai haki za mtaa ni nini kama sio vyote viwili kwa mpigo? Nani katoa shilingi ngapi, na kwa ajili ya hoja gani. Taarifa nyeti inataka mtu akubali kwa maandishi kabla hujaitumia. Na anayekusanya na kutunza taarifa za watu anatakiwa ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Juu ya yote Katiba yenyewe ibara ya 16 inampa kila mtu haki ya faragha, na ibara ya 20 inampa haki ya kujumuika na wenzake. Ukiwa na kikundi kilichosajiliwa tafuteni wakili hata mmoja wa kujitolea akae na nyie jioni moja, yeye atawaambia fomu zipi zinawahusu.

MWAMBIENI MTU KABLA HAJATOA, SIO BAADA

Hili halina gharama yoyote na ndo watu wanaliruka. Sisi tuna karatasi nusu ukurasa, tumechapa nakala kibao stesheneri, inasema hivi: mchango wako utaandikwa kwenye daftari la ndani linaloonwa na mweka hazina na wakaguzi wawili tu, nje itatoka namba ya risiti yako na sio jina, ukitaka jina lako litajwe weka vema hapa, ukitaka lisitajwe weka vema hapa, ukitoa zaidi ya kiwango fulani jina litatajwa utake usitake, kwa hiyo fikiria kabla, na mahakama au chombo cha sheria kikija na amri halali daftari tutalionyesha. Chini pana sahihi, na asiyejua kuandika anaweka dole gumba baada ya kusomewa.

Hicho kipengele cha mwisho kuna wenzangu walitaka tukitoe, wakasema kitatisha watu. Nilikataa na bado nakataa. Usimuahidi mtu siri usiyoweza kuilinda. Mama akijua mapema kwamba siri yake ina mpaka, anaamua mwenyewe, anaweza hata kusema basi mimi sitoi hela ntakuja kupanga viti, na kupanga viti ni mchango vilevile.

Na waliosema majina yao yatajwe, watajeni kweli, wapo wanaotoa kwa ajili hiyo, mwenye duka anataka wateja waone yuko na mtaa, sio dhambi. Tatizo ni kumfanya kila mtu awe kama huyo.

MADAFTARI MAWILI

Hapa ndo moyo wa mambo kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nunua kitabu cha risiti cha kaboni, vile vya kawaida vyenye namba zilizochapwa tayari, 001, 002 na kuendelea. Mtu akitoa unamuandikia risiti, ya juu anaondoka nayo, nakala inabaki. Alafu una daftari la ndani, kaunta buku, safu tano tu: namba ya risiti, tarehe, jina, kiasi, na kama kakubali kutajwa au la. Namba ya simu usiiandike humo kama huna kazi nayo. Sisi tulikuwa tunaandika simu, anapoishi, kazi yake, yaani tunajaza kama fomu ya mkopo, na siku tuliyojiuliza kwa nini tunaandika kazi ya mtu hakuna aliyekuwa na jibu. Taarifa usiyonayo haiwezi kuvuja.

Daftari la pili ni la nje. Hilo halina jina hata moja isipokuwa la aliyeridhia au la anayelazimika kutajwa. Lina namba ya risiti na kiasi. Hili ndo linabandikwa, linapigwa picha, linasambaa kwenye grupu linavyotaka. Uzuri wake ni kwamba kila mchangiaji anajikagua mwenyewe: una risiti namba 047 ya elfu tano, unakuja unatafuta 047 kwenye karatasi, unakuta elfu tano, moyo unatulia. Ukikuta elfu tatu unajua mweka hazina kala elfu mbili na ushahidi unao mfukoni. Mimi nimesimama mbele ya karatasi hiyo watu wakipitisha kidole kwenye namba zao, na nakwambia ukaguzi ule ni mkali kuliko wa orodha ya majina, kwa sababu kwenye orodha ya majina watu wanaangalia fulani katoa ngapi, hapa kila mtu anaangalia yake.

Kuna mitego lakini. Mtu akitoa kiasi cha ajabu, mathalani 7,350 kwa sababu ndo salio lililobaki kwenye simu, wenzake walioona akituma watamjua hata bila jina. Mkitoa taarifa kila siku na siku hiyo kachangia mtu mmoja tu, mmemtaja. Kwa hiyo sisi tunatoa taarifa mara moja kwa mwezi, na namba hatuzipangi kwa tarehe. Wale wa viwango vidogo kabisa tunaweza hata kuwakusanya, risiti namba 020 mpaka 039 jumla laki moja na kumi na mbili, na mwenye risiti akitaka yake aonyeshwe anakuja kwa mkaguzi anaonyeshwa mstari wake peke yake, karatasi imefunika mistari mingine. Tulikata kipande cha boksi tukakitoboa tundu refu upana wa mstari mmoja, unalaza juu ya daftari, kinachoonekana ni mstari wako basi.

Daftari la ndani linakaa wapi? Mnavijua vikoba, sanduku lina makufuli matatu na funguo tatu kwa watu watatu wa nyumba tofauti. Nasi tumefanya hivo hivo. Mimi mweka hazina siwezi kufungua peke yangu usiku nikachungulia, na mtu akinibana barabarani hata akitaka kunitisha siwezi kumpa. Hiyo inanilinda mimi kuliko mtu yeyote.

SIMU NDO INAYOVUJISHA

Michango mingi siku hizi inapita kwenye simu na meseji ya muamala inakuja na jina kamili la mtumaji na namba yake. Kwa hiyo simu ya mweka hazina ni daftari la tatu ambalo hamkulifungia kufuli.

Usipokelee hela za kikundi kwenye laini yako binafsi. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole vyako, mbele ya watu wa nje hela ile inaonekana ni yako, ukigombana na kikundi au ukifariki ndugu zako wanairithi na kikundi kinabaki kinalia, tena humo humo kuna meseji za mke, za deni, za kila kitu, mtoto anachezea gemu kwenye simu hiyo. Fungueni akaunti ya kikundi benki yenye watia saini watatu, au huduma za vikundi zilizo kwenye simu kama M-Koba ambazo hela haitoki bila wenzako kuidhinisha. Angalia kwanza huduma mnayoichagua inaonyesha nini kwa wanachama wengine, kuna ambazo kila mwanakikundi anapata ujumbe fulani kaweka kiasi fulani, hiyo ni nzuri kwa kikoba lakini kwa kikundi cha kudai haki inarudisha tatizo letu pale pale.

Skrinishoti ya meseji ya muamala marufuku. Sio ukate, sio upake wino mweusi juu ya jina, marufuku, kwa sababu watu wanasahau kukata siku moja na siku hiyo ndo inatosha. Unataka kuthibitisha hela imefika, andika namba ya risiti na kiasi. Mtu akituma mwenyewe skrinishoti yake kwenye grupu kwa furaha, admini afute na amfuate pembeni amueleze kwa heshima.

Na fundi simu. Hili silioni likizungumzwa kabisa. Kioo kimepasuka, unaenda kwa fundi, anakwambia niachie na pasiwedi nijaribu kama tachi inashika, uje jioni. Jioni umeikuta simu imepona lakini masaa manne meseji zote zilikuwa mezani kwa mtu. Sina neno baya na mafundi, wengi waaminifu, ila sio wao walioahidi siri, ni wewe. Simu ya kikundi kabla ya kwenda kwa fundi toa laini, na meseji za miamala zikishaandikwa daftarini na mkaguzi akazihakiki, zifute. Nakala za WhatsApp zinazojihifadhi mtandaoni zizime kwa hiyo simu.

MKUBWA ATAJWE

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani natetea siri tu. Hapana, na naomba sehemu hii isomwe mara mbili.

Kuna mkandarasi alitufuata, mkutano wetu wa kwanza ulishafanyika na watu walishaanza kuusikia mtaro, akasema anatoa laki sita ila asitajwe, "mimi natoa kwa ajili ya Mungu tu". Laki sita kwetu ilikuwa zaidi ya nusu ya tulichokusanya mwaka mzima. Kamati ikagawanyika. Kuna mzee akasema dini inasema mkono wa kulia ukitoa wa kushoto usijue, tutamkataliaje mtu sadaka ya siri. Na neno lile lina uzito, sikuweza kulipuuza, nililala nalo. Ila nikauliza: mtaro ukipitishwa nani ataomba tenda ya kuujenga? Kimya. Sadaka ya siri ni ile ambayo mtoaji hatarajii kitu kutoka kwa unayempa. Hapa sisi tungesimama mbele ya halmashauri ya jiji tunapaza sauti ya wakazi, na nusu ya sauti imelipiwa na mtu mmoja mwenye maslahi, na wakazi hawajui. Tukamwambia jina lako kwenye karatasi ya nje au hela yako tunakurudishia. Akachukua hela yake.

Tuliumia. Spika tulikuwa tushaifanyia bajeti. Ila tangu siku hiyo tukaandika kizingiti kwenye katiba. Yeyote, mtu au kampuni, ambaye michango yake kwa mwaka inapita sehemu moja ya kumi ya mfuko anatajwa jina na kiasi. Na mwenye maslahi ya moja kwa moja, kwa maana ya mkandarasi, mgombea, kiongozi aliyepo madarakani, chama, mwenye kiwanja kinachobishaniwa, huyo anatajwa hata akitoa buku. Nyie mnaweza kuchagua kiwango kingine, cha muhimu kiandikwe kabla ya hela kuja, sio mkae kukipanga wakati laki sita iko mezani maana hapo njaa ndo itapiga kura.

Wamarekani walishahangaika na jambo hili muda mrefu. Mwaka 1958 mahakama yao ya juu ilizuia jimbo la Alabama lisilazimishe chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kutoa orodha ya wanachama wake, maana wanachama waliokuwa wanajulikana walikuwa wanafukuzwa kazi na kutishiwa. Nchi hiyo hiyo sheria yao ya uchaguzi wa kitaifa inataka kamati ya mgombea imtaje kwa jina aliyechangia zaidi ya dola 200 . Watu wanaweza kuona kama wanajipinga, mimi sioni hivo. Yule wa kwanza ni mnyonge anayejikusanya na wenzake, akijulikana anaumia yeye. Huyu wa pili anamuwezesha mtu atakayetawala, asipojulikana tunaumia sisi. Ukimtazama mchangiaji jiulize hilo tu, akijulikana nani anaumia na asipojulikana nani anaumia, na mara nyingi jibu linakuja lenyewe.

Tena msisahau vitu. Mtu anaweza asitoe hata senti lakini kaleta turubai, viti mia, gunia la mchele, gari siku mbili. Hivyo navyo vina bei, ulizeni bei ya kukodi andikeni risiti kama hela. Wakubwa wengi wanapitia hapo hapo.

KIKAO CHA HESABU

Kila baada ya miezi mitatu tunabandika karatasi ya manila ukutani, maandishi makubwa ya maka peni mzee wa nyuma asome bila miwani. Juu namba tatu: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Chini matumizi yote moja moja, na matumizi hayana siri hata chembe, spika kwa nani, karatasi duka gani, nauli ya nani kwenda wapi. Faragha ni ya anayetoa, anayepokea hela ya kikundi hana faragha kwenye hela hiyo. Risiti za manunuzi zimetandazwa mezani mtu ashike mwenyewe.

Wakaguzi wawili, wasiwe kwenye kamati, wasiwe ndugu wa mweka hazina, na ikiwezekana wasiwe chama kimoja. Wao ndo wanafungua daftari la ndani. Wanachofanya ni kuchagua risiti kumi kwa kubahatisha, wanawatafuta wenyewe mmoja mmoja faragha, wanauliza ulitoa ngapi na lini. Hii inazuia wachangiaji hewa, maana mjanja anaweza kugawa laki sita za mkandarasi kwenye majina thelathini ya uongo ya elfu ishirini ishirini na kizingiti chenu kikawa pambo. Wakimaliza wanasimama mbele ya kikao wanasema tumekagua, tumekuta hivi, bila jina. Na kabla ya kazi wanasaini kwamba walichokiona hakitoki.

WAKIJA KUITAKA ORODHA

Watakuja. Mwandishi atakuja, mtu wa chama atakuja, jirani mdadisi atakuja na maneno ya "mimi ni mwenzenu". Jibu ni moja kwa wote, karatasi ya nje hii hapa chukua nakala. Mwenye cheo akiitaka ya ndani muombeni kwa adabu aandike barua, aseme anaitaka kwa sheria gani na kwa kazi gani. Wengi wanaishia hapo. Akija na amri halali mnatii, mnaonyesha kilichotajwa kwenye amri na si zaidi, mnaandika nani kaona nini lini, na kama hamjakatazwa mnawaambia wahusika siku hiyo hiyo. Msichane daftari, msichome, msiseme limepotea. Mkidanganya mara moja mnapoteza haki ya kuwauliza wengine hesabu zao, na kazi yote ya kikundi ni kuuliza hesabu.

Mfuko ukifungwa na ukaguzi wa mwisho ukapita, hesabu na risiti zinatunzwa. Fomu za wanaoomba taarifa zao ziondolewe na taarifa zisizo na kazi tena, namba za simu za shukrani na kadhalika, kamati inakaa inaziharibu pamoja na inaandika muhtasari kwamba zimeharibiwa.

IKIVUJA

Ikitokea kama iliyonitokea mimi, usianze na kuandika tangazo la kujitetea kwenye grupu. Anza na mtu. Mpigie au nenda kwake kabla hajasikia kwa mwingine, mwambie kilichotoka ni nini hasa, jina, namba, kiasi, mwambie kiko mikononi mwa nani kwa unavyojua, muulize anataka kikundi kifanye nini na ufanye anachotaka yeye, sio unachoona wewe kinafaa. Wengine watataka viongozi waende nao ofisini wakaseme wazi, wengine watataka mkae kimya kabisa. Alafu ndo ufute kwenye grupu, uwaombe waliosambaza wafute, na uandike kwenye muhtasari ilivyotokea ili mweka hazina ajaye asirudie.

Mimi nilichelewa siku mbili, nilikuwa naona aibu. Katika siku mbili hizo ndo yule mtu alienda kwenye meza ya supu. Kama ningeenda mimi kwanza bi mkubwa angekuwa amejiandaa, angekuwa na jibu, labda na jirani wa kusimama naye. Kibali chake sasa kipo, tulimsindikiza watu wanne mpaka akakipata, na meza iko barabara nyingine kabisa, wateja wachache kuliko mwanzo. Kuchangia hajachangia tena na mimi sijamuomba. Kwenye kikao cha hesabu kilichopita alikuja akasimama nyuma, akasoma ile manila juu mpaka chini, akauliza kwa nini nauli ya mwezi wa pili imekuwa kubwa.